Mashine ya Tatu

Bomba la kioski lilikuwa limegoma tangu jana, na foleni ya ndoo ilikwisha kupita duka la mkaa ikaingia uchochoroni. Si kwamba maji hayakuwapo. Ukibandika sikio kwenye bomba kuu uliyasikia yakinguruma huko ndani kama tumbo la mtu aliyelala na njaa. Lakini siku hizi maji hayafunguliwi kwa mkono. Unaweka kadi yako kwenye kijisanduku, kijisanduku kinaiuliza ofisi kama una salio, ofisi inajibu, ndipo bomba linafunguka. Sasa ofisi ilikuwa haijibu. Wakubwa walipokuja kung'oa koki za zamani walihutubia wakasema huu ndio ustaarabu, na watu wakapiga makofi. Leo watu hao hao walikuwa wamekalia ndoo tupu juani, na wakubwa hawakuonekana hata kivuli.

Fundi Viti alisimama katikati ya foleni na madumu yake mawili, uso ameuinamisha kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kazi yake ilikuwa kushona na kujaza makochi, na mtaa mzima uliketi juu ya kazi ya mikono yake. Kwa kawaida hapiti mahali bila kutaniwa. Leo hakuna aliyemtania.

"Jamani, mmesikia nani kaharibu?" aliuliza Mama Pacha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kwa sauti ya kusikika mpaka kule mwisho. "Wanasema ni msichana wa kompyuta. Alikuwa anachezea mitambo siku ya mapumziko."

"Anachezea?" mwanamume mmoja alidakia. "Na sisi wenye watoto wachanga tucheze na nini?"

"Muulizeni Fundi," Mama Pacha akasema, safari hii taratibu. "Fundi, si binti yako anafanya kazi huko huko? Au ni mwingine?"

Fundi Viti alijifanya anakaza kifuniko cha dumu. "Huko wanafanya kazi watu wengi, Mama Pacha."

"Wengi, ndiyo. Lakini msichana wa kompyuta ni mmoja."

Fundi Viti alipoona macho yanazidi kumgeukia, aliokota madumu yake akarudi nyumbani nayo matupu.

Binti yake alikuwa barazani, amekaa kwenye kochi la mteja lililovuliwa kitambaa, sponji ikiwa wazi. Tangu utotoni walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimtungia baba yake uzi macho yalipoanza kumwisha. Pembeni yake mtoto wake, binti wa miaka minne ambaye babu yake alimwita Mchumba, alikuwa akipanga vifungo vya makochi sakafuni.

"Yametoka?" Sindano aliuliza.

"Hayajatoka." Fundi akatua madumu. "Na huko foleni wanakutafuna mbichi. Niambie kwa lugha ninayoielewa. Umeharibu au hukuharibu?"

Sindano akavuta pumzi. Mfumo aliokuwa akiutunza una jina la kigeni, Kubernetes, na baba yake hajawahi kulitamka likanyooka. Kwa hiyo akaliacha jina.

"Baba, pale kuna kompyuta nyingi. Nyingi ni vibarua: hii inasoma kadi, hii inapokea malipo, hii inafungua mabomba. Juu yao kuna mashine tatu za kuamua. Hizo ndizo zinazompangia kila kibarua kazi, na kibarua akianguka, zenyewe zinamweka mwingine mahali pake. Lakini haziamui neno mpaka angalau mbili zikubaliane."

"Na moja ikiumwa?"

"Zinabaki mbili, kazi inaendelea. Ndiyo maana ni tatu. Ikibaki moja, inanyamaza. Si kwamba imekufa. Haithubutu kuamua peke yake."

Fundi Viti akacheka kicheko kikavu. "Kumbe mashine zina adabu kuliko wenye nazo. Sasa zimebaki ngapi?"

"Zilikuwa mbili tu kabla hata sijagusa. Meneja alipita siku moja na wageni wake, akauliza, mashine tatu kazi moja? Akasema ni ubadhirifu. Ya tatu ikapakiwa kwenye gari ikapelekwa nyumbani kwa Mwenyekiti wa Bodi. Inatunza picha za kamera za geti lake."

"Geti?"

"Geti, Baba."

Mzee akakaa. Sindano akaendelea, akiongea huku akichomoa nyuzi za kochi moja moja. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuzindua mita mpya, na mita hizo hazielewani na toleo la zamani la mfumo. Meneja akaamuru mfumo upandishwe toleo kabla hawajafika. Sindano akamwambia kwamba kupandisha ni ngazi kwa ngazi, hakurukwi hata moja, na kila mara unaitoa mashine moja pembeni. Zikiwa mbili tu, ukiitoa moja na isirudi, kwisha habari. Irudishwe kwanza ya tatu. Meneja akamuuliza tangu lini yeye amekuwa mkuu wa ofisi.

"Nikaweka nakala ya kila kitu, nikaanza. Nikaitoa ya kwanza. Haikuamka. Diski yake ni kuukuu, Baba, niliomba mpya mpaka nikachoka kuomba. Lakini hata hapo maji yalikuwa yanatoka! Vibarua walioko kazini hawahitaji kuambiwa kila dakika. Nikamwambia Meneja, msiguse kitu, nipe muda niirudishe kutoka kwenye nakala. Yeye alipoona taa nyekundu akapagawa. Akaninyang'anya funguo, akanitoa nje, akamleta mtaalamu wake, mpwa wake sijui nani. Unajua huyo alifanya nini?"

"Nini?"

"Alizima kila kitu akawasha."

Fundi alisubiri aendelee, kwa sababu kwake kuzima na kuwasha halikuwa kosa. Redio yake aliitibu hivyo hivyo.

"Vibarua wote wakaamka," Sindano akasema, "wakakuta hakuna wa kuwatuma. Ndiyo hapo mabomba yalipofunga."

Simu yake ikaita. Alisikiliza, akasema "ndiyo, afande" kwa kejeli ambayo huko upande wa pili haikusikika, akaikata.

"Afisa Utumishi. Anasema niende kesho asubuhi. Na mdhamini wangu."

Mdhamini alikuwa Fundi Viti. Siku binti yake anapata kazi alivaa koti la marehemu shemeji yake akaenda kuweka dole gumba, akajiona naye kaajiriwa.

*

Huko ofisini baba na binti waliwekwa kwenye benchi la korido mpaka jua likahama dirisha. Mkabala nao kulikuwa na chombo cha maji ya kunywa, chupa kubwa imepinduliwa kichwa chini, na kila mfanyakazi aliyepita alijikingia kikombe, akanywa nusu, akamwaga nusu. Fundi Viti aliyahesabu mafunda kwa koo lake. Hakuambiwa karibu.

Ofisi ya Meneja ilikuwa na ubaridi wa mashine. Meneja mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio uliotisha. Afisa Utumishi alikaa pembeni, mwanamke wa makamo, akitazama kucha zake.

"Karibu, mzee wangu. Kaa, kaa. Naambiwa wewe ni fundi wa makochi. Hebu ona hiki kiti changu, ngozi inabanduka kama ya nyoka. Utakitazama siku moja." Akacheka. Fundi naye akacheka, kidogo, kwa adabu, na papo hapo akajichukia.

"Sasa mzee wangu, tuna tatizo la kifamilia. Mimi nawaita wafanyakazi wangu wote watoto wangu. Mtoto akivunja sahani humfukuzi nyumbani. Lakini lazima aseme, nimevunja. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wananchi wamekasirika. Juu wananipigia simu. Tunachotaka ni kidogo tu. Binti arekodi maneno mafupi ya kuomba radhi, gari la matangazo lizunguke nayo mitaani. Akishamaliza, anaingia chumba cha mitambo anarudisha huduma, anaendelea na kazi yake. Yamekwisha."

"Radhi nitaomba," Sindano akasema. "Nitawaambia pia mashine ya tatu iko wapi."

Afisa Utumishi akaacha kucha zake.

"Mashine ipi?" Meneja akauliza.

"Unaijua, bosi. Ulisimamia mwenyewe ikipakiwa."

"Binti, hilo halimo kwenye mada." Hakupandisha sauti. Alimgeukia mzee. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyemdhamini. Mali ya umma ikiharibika, sheria inamtazama aliyeharibu, halafu inamtazama aliyemdhamini. Mimi sisemi nitaita polisi. Nakueleza tu sheria ilivyo. Una mjukuu, naambiwa?"

Fundi Viti aliomba azungumze na binti yake nje.

Kwenye korido Sindano alimgeukia baba yake. "Umemsikia? Hata hakubisha! Anajua kwamba najua, na hajali."

"Sema anavyotaka."

"Baba!"

"Sema, mama. Ni maneno tu. Maneno hayachubui ngozi."

"Yanachubua. Wewe hukurudi na madumu matupu jana kwa sababu ya maneno?"

"Jana nilirudi, si ndiyo? Niko hapa. Natembea." Alimshika mkono juu ya kiwiko, kama alivyomshika alipokuwa akimvusha barabara. "Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Siku mama yako alipozidiwa, tulipofika hospitali karani wa mapokezi alituruka. Akamwingiza mtu wa gari aliyekuja nyuma yetu. Mimi nikasimama nikadai haki. Nikamwita mkubwa wake, nikapaza sauti, watu wote wakasema mzee huyu ana haki. Mpaka mkubwa anafika, mama yako alikuwa ameegemea ukuta pale pale kwenye benchi, amekwisha. Nilikuwa na haki, mwanangu. Nikarudi nyumbani na haki yangu na maiti."

Mfanyakazi mmoja alipita, akajikingia maji.

"Hawa watu hushindani nao," mzee akasema. "Unainama, wanapita, unainuka. Jikaze kisabuni. Fanya kwa ajili ya mtoto. Kazi itabaki."

"Na ikiwa haitabaki?"

"Amesema itabaki. Ameahidi mbele yangu."

Sindano akamtazama baba yake kwa muda, kama mtu anayetazama daraja analojua limeoza. Kisha akarudi ndani.

Dereva wa gari la matangazo aliletwa na kinasa sauti chake. Mara ya kwanza Sindano alisema kwamba mfumo ulipata hitilafu na kwamba anawaomba radhi wateja. Afisa Utumishi akatikisa kichwa. "Weka 'kwa uzembe wangu'." Akaliweka. "Na 'bila idhini ya uongozi'." Sindano akafumba macho, akaliweka na hilo. "Rudia yote," Meneja akasema, "hiyo sauti haina majuto. Inasikika kama unasoma bei za sokoni." Akarudia. Fundi Viti alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Kila binti yake alipofika kwenye neno uzembe, yeye alitazama kiti cha Meneja na kupima kwa jicho ngozi ya kukifunika upya.

Ndipo wakamfungulia chumba cha mitambo. Mzee alimwona kupitia kioo, mgongo wake mwembamba mbele ya taa zinazopepesa, yule mpwa amesimama nyuma yake akitafuna ubani. Hakuna aliyemletea kiti. Alifanya kazi amesimama, akiandika, akisubiri, akifuta, akiandika tena, na mara moja aliweka paji la uso kwenye chuma cha mashine akatulia hivyo. Baadaye simu zikaanza kulia ofisi nzima na mtu akapiga kelele huko mbele: yanatoka!

Sindano akatoka akijifuta mikono kwenye sketi. "Bosi, nimeilazimisha moja iamue peke yake, kutoka kwenye ile nakala. Ni tia maji tia maji. Msiiguse. Msithubutu kupandisha toleo mpaka ziwe tatu tena."

"Sawa, vizuri sana," Meneja akasema, simu ikiwa sikioni tayari. "Ndiyo, mheshimiwa. Tumelidhibiti. Mimi mwenyewe nilikuwa hapa toka asubuhi."

Walirudi kwa miguu. Karibu na njia panda waliisikia sauti kabla hawajaliona gari. Ilikuwa sauti ya Sindano, imevimba na kukwaruza kwa ule ukubwa wa spika, ikigonga kuta za nyumba na kurudi: *wananchi wapendwa, mimi mhusika wa mitambo ya kompyuta, kwa uzembe wangu, bila idhini ya uongozi...* Watu walitoka milangoni na ndoo zilizojaa, wakasikiliza, wakatukana. Sindano alivuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Gari likawapita. Dereva aliwaona, akapunguza mwendo kwa aibu, lakini sauti hakuizima; alikuwa ameagizwa.

*

Haukupita mshahara mmoja, Afisa Utumishi akapiga simu.

"Bodi imekaa. Imeona haiwezi kumwacha kazini mtu aliyekiri uzembe."

"Meneja aliahidi nikirekodi..."

"Dada yangu, umekiri kwa kinywa chako, mji mzima umekusikia. Sasa sisi tufanyeje? Funguo ulizirudisha, eti?"

Sindano akaweka simu juu ya cherehani ya baba yake. "Nimemwaga unga," akasema.

Mzee akaokota mkasi. Siku iliyofuata alivaa lile koti akaenda ofisini. Akaambiwa Meneja yuko kwenye kikao. Akangoja kikao kiishe. Kilipoisha Meneja alitoka kwa mlango mwingine. Lakini hakumsahau, hilo halikataliki. Jioni gari la ofisi lilisimama mbele ya baraza na kumshushia kile kiti cha ngozi inayobanduka, na salamu kwamba kikarabatiwe vizuri, malipo yatazungumzwa.

Fundi Viti alikikarabati. Kodi ya nyumba ilikuwa inangoja, ada ya chekechea ilikuwa inangoja, na mwenye nyumba hajui habari za kinyongo. Alikibandua ngozi, akakuta ndani sponji imara, nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuwapa wateja wake. Sindano alipita mbele ya kile kiti asubuhi na jioni bila kukitupia jicho. Alikuwa akimjibu baba yake kila alichoulizwa: ndiyo, hapana, nimekula. Zaidi ya hapo, hakuna. Alikwenda kuomba kazi kwenye duka la simu. Mwenye duka alimsikia anavyoongea, akainua kichwa. "Ngoja, hii sauti naijua." Sindano akarudi nyumbani.

Siku hiyo hiyo walimkuta Mchumba barazani, amepanda juu ya rundo la vitambaa, amezungushia mdomo kipande cha karatasi ngumu.

"Wananchi wapendwa!" alitangaza. "Mimi mhusika wa mitambo! Kwa uzembe wangu! Bila ruhusa ya uongozi!"

"Nyamaza!" babu yake akafoka, kwa sauti ambayo mtoto hajawahi kuisikia kwake. Midomo ya mtoto ikaanza kucheza.

"Mwache," Sindano akasema. "Anaisema vizuri kuliko mimi. Ina majuto." Akambeba mwanawe akaingia naye ndani, na mzee akasikia mtoto akiuliza, "Mama, uzembe ni nini?" Jibu hakulisikia.

*

Maji yalikatika tena asubuhi ya kuwapokea wale wakaguzi wa mita mpya. Mitaani kulikuwa kumepambwa, vijisanduku vya kadi vimepakwa rangi, na mabomba yakakauka kwa mpigo mmoja, mji mzima, mpaka hospitali.

Mara hii watu hawakwenda kujipanga kioski. Walikuja kwa Fundi Viti. Aliwakuta mbele ya baraza lake alipofungua mlango: wanawake, vijana, mzee mmoja wa fimbo, wote na ndoo, na mbele yao Mama Pacha, mmoja wa mapacha wake mgongoni.

"Fundi, mwite binti yako."

"Binti yangu kafanya nini?"

"Kafanya lile lile. Tulimsikia mwenyewe akisema."

"Hayuko kazini!" Mzee alicheka kwa mshangao. "Jamani, alifukuzwa. Ana muda yuko humu ndani. Atayaharibu maji kutoka jikoni?"

"Hawa wa kompyuta wanaweza hata wakiwa kitandani," kijana mmoja akasema. "Amefukuzwa, ndiyo maana anatukomoa."

"Sikilizeni." Fundi Viti akapanda kwenye kizingiti. "Hata mara ile haikuwa yeye. Walichukua mashine moja wakaipeleka kwa Mwenyekiti, kwenye geti lake. Binti aliwaonya. Yale maneno ya kwenye gari walimlazimisha ayaseme."

"Nani alimlazimisha?"

"Wao. Na mimi. Mimi nilimwambia aseme."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele.

"Sasa ni wewe fundi wa kompyuta? Wewe wa sponji?"

"Mzazi humtetea mwanawe, mwacheni," mzee wa fimbo akasema kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma Fundi kuliko kicheko.

Gari la ofisi likaingia mtaani likipiga honi, watu wakapisha. Dereva, yule yule wa matangazo, aliteremka akitokwa jasho. "Dada yuko wapi? Meneja anamwita haraka."

"Mnaona!" Mama Pacha akapiga makofi. "Mnaona sasa! Kama si yeye wanamwitia nini?"

Sindano alikuwa amekwisha kutoka, kanga kiunoni, mikono ina unga. Dereva alimvuta pembeni, akanong'ona, lakini Fundi alisikia yote: mpwa wa Meneja alitaka mita mpya ziwake kabla wageni hawajafika, akalirusha toleo kutoka la zamani mpaka la mwisho kwa mruko mmoja, juu ya ile mashine iliyokuwa peke yake. Sasa kimya. Na wakaguzi wako ukumbini wanakunywa juisi.

"Anasema atakufikiria," dereva akamalizia.

"Usiende," baba yake akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia la kufanya tangu siku ile ya korido. "Waache wazame. Wakaguzi waone kwa macho yao."

"Wakaguzi wana juisi, Baba."

"Ukienda, hawa watasema ni wewe."

"Wameshasema." Alifuta unga mikononi. "Hospitali hakuna maji. Wewe kaa na mtoto."

"Nilikosea, mama. Siku ile..."

Sindano alisimama. Kwa muda ilionekana atasema kitu, na mzee alikisubiri kitu hicho kwa mwili mzima. "Nakala nimeiweka mimi," akasema. "Hakuna mwingine anayejua pa kuitafuta." Akaenda kwenye gari. Watu waligawanyika pande mbili kumpisha, na alipokuwa anainama kuingia, mtu alimrushia maganda, yakagonga mlango. Hakugeuka.

Fundi Viti alibaki kizingitini. Hawakuondoka, waliketi juu ya ndoo zao barazani kwake, juu ya makochi yake, wakangoja. Mchumba alipita katikati yao akiwagawia vifungo.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wakati mtoto wa duka la mkaa alipokuja mbio akipiga kelele. Wote wakainuka kwa mkupuo. Kioski kilikuwa kinasoma kadi kama hakijawahi kuumwa, maji yakitoka kwa nguvu mpaka yanaruka nje ya ndoo, na watoto wakajitupa chini yake na nguo zao. Fundi naye alikuja na madumu. Mbele yake Mama Pacha alikinga, akajaza, akafunga kanga ya mtoto vizuri.

"Ona," akasema, akimtazama mzee usoni bila hasira, kama mtu aliyemaliza hesabu ikatoka sawa. "Amekwenda tu, yametoka. Kumbe muda wote alikuwa anaweza."

Wengine wakaitikia. Ndiyo, alikuwa anaweza. Roho mbaya tu. Mtu mzima na elimu yake, kuwatesa watoto wa wenzake.

Fundi Viti aliweka kadi kwenye kijisanduku. Maji yakaingia kwenye dumu la kwanza, yakaingia la pili. Alikaza vifuniko, akainama, akashika mipini, akashindwa kuinuka nayo mara moja. Akapumzika. Watu walikuwa wengi pale, vijana wenye mikono mitupu, na wote waliona. Akainama tena.